Vidonge Vitatu vya Nili

Nianze kwa kukiri, maana aibu ukiifukia huota: yule farasi wa buluu aliyepita Ilala na Magomeni mpaka Kinondoni asubuhi ya Jumamosi, watu wakatoka uani na miswaki mdomoni kumtazama, kamba yake nilikuwa nimeishika mie. Wengi wenu mmekisikia kisa hiki kwa marehemu mke wangu, Mwanaidi. Alikuwa akikisimulia arusini na kisimani, na kila akikisimulia farasi alizidi kuwa wa buluu na mie nilizidi kuwa mjinga, nami nikikaa pembeni natabasamu tu, kwa sababu nyumbani kwetu msemaji alikuwa yeye.

Sasa hayupo. Arubaini yake tumeisoma Alhamisi iliyopita. Siku ile nilikuwa nimekaa barazani, nikawasikia kina mama ndani wanacheka na kulia kwa pamoja, wanamtaja kwa jina lake la utani, Mama Nili, na mmoja anasema, "Masikini, si ndiye aliyemharibu farasi wa Mwarabu!" Wakacheka tena. Nami nikanyamaza. Kunyamaza kule kumeniuma kuliko kitu chochote, ndiyo maana leo nasema, ingawa kusema si kazi yangu na madrasa na darasa la pili ndiyo elimu niliyo nayo.

Zamani hizo nilikuwa saisi, yaani mtunza farasi, wa Bwana Salim, mwenye duka la nafaka kule Temeke. Baba yake alitoka Arabuni na mapenzi ya farasi, na mapenzi hayo yakaruka wana wote wa kiume yakamwangukia mjukuu wa kike, Nasra, aliyekuwa na miaka kumi na moja. Farasi alikuwa jike mmoja tu, anaitwa Lulu, mweupe kama tui la kwanza. (Mweupe wa farasi ni mzigo, nyie hamjui. Farasi mwekundu akilalia mavi yake asubuhi unampangusa yameisha. Mweupe akilalia mavi, umeamka na doa la manjano ambalo maji hayaliwezi wala sabuni.)

Kinondoni alikuwako memsahib mmoja, yaani bibi wa Kizungu, mjane, marehemu mumewe alikuwa daktari wa mifugo. Alikuwa na uwanja wake mpana nyuma ya nyumba, na kila Jumamosi alifundisha watoto kupanda farasi, hasa watoto wa Wazungu wa serikalini, lakini hakumfukuza mtoto yeyote aliyekuja na farasi. Basi akaweka mpango wa tepe. Mtoto akijua kukaa vizuri juu ya farasi anapewa utepe mweupe. Akijua kurusha farasi juu ya miti iliyolazwa, anapewa wa kijani. Na utepe mwekundu, ndio mkubwa, ulikuwa wa mtoto anayemjua farasi wake: amlishe mwenyewe, amwoshe mwenyewe, amtandike mwenyewe, ndipo ampande. Saisi asiguse. Masharti haya alitusomea masaisi wote kwa Kiswahili, tumesimama mstari mmoja, na mmoja mmoja tukajibu, "Ndiyo, memsahib."

Nasra alikuwa na mweupe na kijani. Mwekundu ulikuwa na maneno yake. Bibi yake alikuwa amesema mtoto wa kike akitimiza miaka kumi na miwili mambo ya farasi basi, na mnunuzi kutoka Unguja alikwisha kuja kumtazama Lulu meno. Bwana Salim, aliyekuwa katikati ya mama yake na binti yake kama nguo inayokamuliwa na watu wawili, akakata shauri mbele yetu sote: "Akipata utepe mwekundu, ataendelea mpaka siku ya kuolewa, na farasi habanduki hapa. Asipoupata, farasi anakwenda Unguja." Mtoto akasema, "Haya, baba." Akaenda bandani akamkumbatia Lulu shingoni, hakulia. Mie ndiye niliyejipangusa macho.

Ijumaa baada ya swala Nasra alimwosha Lulu peke yake. Alipanda juu ya kasha la sabuni apate kufika mgongoni, akasugua mpaka kanga aliyojifunga ikalowa yote, na mie nilikaa mbali juu ya gogo, mikono nimeikalia. Lulu akang'aa. Nasra akaniambia, "Mjomba, mchunge asilale."

Nilimchunga. Lakini binadamu hulala na farasi hulala. Alfajiri nilipoingia bandani na kandili nikalikuta doa, kiunoni upande wa kushoto, pana kama sinia.

Sasa angalieni jinsi mtu anavyojipalia makaa. Kule uwanjani watoto walipewa saa nzima ya kupiga brashi kabla ya kukaguliwa. Ningemwacha Lulu na doa lake, nikamfikisha, nikamwambia Nasra, "Mwanangu, kuna doa," angelisugua mwenyewe na lingefifia kiasi, yakaisha. Lakini nilimwona mtoto akifika na kulikuta lile sinia baada ya kazi yake yote, moyo ukakataa. Nikasema nalitoa hili doa tu. Doa si farasi.

Nikarudi chumbani kwangu. Mwanaidi alikuwa mfuaji, akifua makoti meupe ya makarani na kanzu za Ijumaa, na wakati ule alikuwa anapuliza moto.

"Mke wangu, doa la manjano kwenye nguo nyeupe unalifanyaje?"

"Naliosha, halafu maji ya mwisho natia nili. Kanzu ya nani hiyo?"

"Ya Lulu."

Akageuka akanitazama. "Rajabu. Si mtoto ameambiwa aoshe mwenyewe?"

"Naondoa doa tu."

Akatikisa kichwa, lakini akanyoosha mkono kwenye kopo lake. (Nili, kwa wanaume wasiofua, ni ile rangi ya buluu ya vidonge ambayo ukiitia kidogo tu majini nguo nyeupe inazidi weupe.) Akaniambia maneno haya, na nayasema kama alivyoyasema: "Kidonge kimoja, ndoo nzima. Kifunge kitambaani, kizungushe majini mara tatu, kitoe. Usizidishe, nili haina msamaha." Akaniachia kopo, akaenda kuchota maji.

Nikajaza ndoo. Nikatia kidonge kimoja, nikazungusha mara tatu, nikatoa, nikapaka. Kwa mwanga wa kandili nikaona doa limefifia. Nikafurahi. Lakini sehemu ile sasa ikawa nyeupe kuliko mwili mzima, ikaonekana kama kiraka, na mtu mwenye macho angejua pameguswa. Dawa ya kiraka ni kupaka kote. Na hapo ndipo nilipofanya hesabu yangu ya darasa la pili: kidonge kimoja ni cha kanzu, na farasi ni kanzu ngapi? Nikampima kwa macho nikaona hazipungui tatu. Basi nikatia cha pili na cha tatu, wala sikuvifunga kitambaani, nikavivunja mle mle kwa vidole. Nikampaka Lulu kuanzia masikio mpaka kwato, na mkia nikauchovya ndooni kama kamba ya kisima. Kandili, mwajua, mwanga wake ni wa manjano. Machoni pangu alikuwa mweupe kama malaika.

Nikamshika kamba tukatoka. Nasra angekuja baadaye na baba yake kwa gari la duka.

Tulipofika Ilala ndipo kulipopambazuka. Kwanza nilimwona mama mmoja muuza vitumbua amesimamisha mwiko hewani.

"Baba, huyo mnyama anaumwa?"

"Haumwi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona rangi yake ya maiti?"

Nikageuka nikatazama. Enyi ndugu zangu! Si buluu ya mbinguni kama alivyokuwa akisema marehemu, hapo aliongeza chumvi. Ilikuwa buluu ya shati la askari lililofuliwa mara nyingi, lakini sikioni na mkiani ilikuwa imekolea hasa. Mikono yangu nayo buluu, na mbele ya kanzu yangu buluu. Watoto wakaanza kutufuata. Mzee mmoja aliyekuwa akitoka msikitini akasema "Lahaula" akavuka upande wa pili wa barabara.

Nikawaza: maji. Tukateremka Msimbazi, nikamwingiza Lulu mtoni, nikammwagia kwa kofia yangu (kofia ya kutarizi, kazi ya mkono wa Mwanaidi, na hiyo nayo ikaenda buluu). Mgongoni rangi ilipungua kidogo. Lakini haikuondoka, ilihama, ikateremka tumboni na miguuni ikakusanyika huko kama soksi. Na farasi aliyeloweshwa, jambo ambalo mie saisi wa miaka mingi nalijua kama jina langu, akitoka majini hutafuta mahali pa kugaagaa. Lulu akaning'oa kamba mkononi, akapanda ukingoni, akajilaza kwenye udongo mwekundu akageuka huku, akageuka huku, miguu juu, akiguna kwa raha. Wale watoto wakapiga makofi.

Basi Kinondoni niliingia na farasi wa buluu mwenye matope mekundu, nyuma yangu maandamano ya watoto, na mbele yangu, chini ya kivuli cha banda, masaisi wenzangu watano na farasi wao wanang'aa kama vioo. Mmoja wao, Kasanda, alikuwa Mnyamwezi na mie Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wangu, na mtani hana huruma.

"Jamani, njooni muone! Mzaramo ametoa mwali! Ehe, Rajabu, huyu umemcheza siku ngapi ndani? Mbona hamkumpaka na hina?"

"Kasanda, leo niache."

"Nikuache wapi, na wewe mwenyewe umepakwa!"

Gari la duka lilikuwa limefika kitambo. Nasra akatokea nyuma yake, suruali yake nyeupe ya kupandia chini ya kanzu fupi, ushungi umefungwa barabara. Akamwona Lulu. Akaja polepole, akamgusa shingoni kwa kidole kimoja, akakitazama kile kidole.

"Mjomba, umefanya nini?"

"Nilikuwa naondoa doa."

"Doa gani?"

Nikamtafutia lile doa nimwonyeshe. Halikuonekana. "Limetoka," nikasema.

Hakucheka, wala hakunigombeza. Laiti angenigomba. Na ile saa moja ya brashi ilikuwa imekwisha nilipokuwa mtoni.

Memsahib akaja kukagua. Alikuwa na desturi ya kuvaa glavu nyeupe na kumpitisha farasi mkono kutoka shingoni mpaka kiunoni, kisha anaitazama glavu. Farasi watano glavu ilibaki safi, na kila mara alisema, "Vizuri." Akafika kwa Lulu. Akasimama. Akapitisha mkono, akaugeuza, akautazama kwa muda mrefu sana, halafu akautazama na uso wangu.

"Nani alimwosha farasi huyu?"

Nasra akasema, "Mimi, memsahib."

Na kweli alimwosha, Ijumaa, kwa mikono yake. Hakudanganya. Lakini alikuwa anajiandaa kuibeba aibu yangu yote juu ya neno lile moja, na baba yake amesimama pale, kanzu yake nyeupe, uso umefungwa kama duka siku ya Idi. Miguu yangu ikatangulia kabla sijaamua.

"Memsahib, mtoto alimwosha jana akawa mweupe. Hii buluu ni yangu."

Kicheko kikalipuka uwanja mzima, Wazungu na masaisi.

"Umeitoa wapi buluu?"

"Kwa mke wangu. Ni mfuaji. Ni nili."

Kicheko cha pili kikapita cha kwanza, na nikamsikia Kasanda nyuma akisema, "Loo, kumbe Mama Nili!" Nilipaswa kuongeza maneno hapo. Sikuongeza. Kumbukeni hapo, nitaparudia.

Memsahib akavua glavu. "Mlisikia sharti. Saisi asiguse. Kwa nini uligusa?"

Mie, wallahi, sikukusudia kumsaliti mtu. Niliulizwa nikajibu, kwa sababu kichwa kilikuwa kimejaa moto na ulimi haukuwa na mlinzi.

"Memsahib, sote tumegusa. Wenzangu wameosha toka alfajiri. Mie nimekosea rangi tu."

Masaisi watano wakaanza kutazama mambo mbalimbali: mmoja mawingu, mmoja kucha zake, Kasanda akawa anamchunguza farasi wake kwato kana kwamba ndiyo kwanza anaziona. Memsahib akawapitia mmoja mmoja kwa macho, na walioitikia wote mstari mmoja wakainamisha vichwa mstari mmoja.

Memsahib alikwenda mwenyewe kwenye bomba la kunyweshea, palipokuwa na tope, akachota tope kwa mkono mtupu, akarudi, akampiga kila farasi kiunoni: pa, pa, pa, pa, pa. Lulu hakumpiga, tope lake lilimtosha. Kisha akasema, "Saa moja. Watoto peke yao. Masaisi, kaeni pale, mikono kichwani."

Tukakaa juu ya benchi, watu wazima sita wenye wake na watoto, mikono kichwani, na mie ya kwangu ni ya buluu. Mabwana na memsahib wengine wakawa wanatupitia na chai yao wakitutazama. Kasanda akaninong'oneza bila kugeuza shingo, "Mzaramo, deni hili utalilipa kwa kuku, na awe mweupe."

Lakini mbele yetu palikuwa na mambo. Mtoto mmoja alikuwa anamsugua farasi kinyume cha manyoya, farasi anamkanyaga. Mwingine ameshika ndoo hajui aanzie wapi, akawa anatutazama sisi benchini kwa macho ya kuomba, nasi hatuna hata mkono wa kuashiria. Wa tatu alikaa chini akalia. Nasra alitafuta kasha, akapanda. Akaanza shingoni akashuka, akabadilisha maji mara nne, akayachota mwenyewe. Na huku anafanya kazi alikuwa akisema na Lulu, "Geuka mama, geuka mama, hapo hapo, ahsante," na nikagundua kuwa yale ni maneno yangu, hata kikohozi kidogo ninachokikohoa nikimaliza ubavu mmoja alikuwa anakikohoa. Nilimwomba Mungu asiniache nikalia na mikono iko kichwani, maana machozi ningeyapangusa kwa nini?

Saa ilipokwisha, Memsahib alirudi, safari hii bila glavu. Kwa Lulu alipitisha kiganja kitupu, akainua kwato zote nne, akatazama ndani ya masikio. Matope yalikuwa yametoka yote. Buluu ilikuwapo.

"Hii rangi," akasema, "mvua itaitoa. Uchafu haupo."

Nasra akatandika, akapanda, akaruka miti yote bila kuangusha hata mmoja. Lulu alipotoka jasho buluu ikayeyuka ikaingia katika ile suruali nyeupe mpaka magotini. Siku ile utepe mwekundu ulitolewa mmoja tu, na Nasra alipoupokea aliubonyeza kwa kidole gumba, alama ya buluu ikabaki.

Tukamtazama Bwana Salim. Akatazama utepe, akatazama farasi, akasema, "Utepe ni mwekundu. Na yule wa Unguja aliagiza farasi mweupe. Huyu si mweupe." Akapanda gari. Nilimwona mabega yanatikisika, na hadi leo sijui kama alikuwa anacheka.

Sasa narudi pale.

Jioni ile nilimweleza Mwanaidi yote. Aliposikia nilivyosema "kwa mke wangu" hakukasirika. Aliuliza swali moja la mfuaji: "Ulitia vingapi?"

"Vitatu. Viwili nilivivunja kwa mkono."

Alicheka akakaa chini, akashindwa kunyanyuka, nikamvuta. Nikamwambia kesho nitazunguka niwaambie watu kwamba yeye alisema kimoja. Akasema, "Wacha. Jina limeshafika Kinondoni kabla yangu. Watu wakimtafuta Mama Nili si wataleta nguo?" Na kweli wakaleta, tangu Kinondoni mpaka Temeke. Basi kila alipokisimulia kisa alisema, "Nikampa mume wangu nili," akapita haraka, idadi hakuitaja hata siku moja. Watu wakacheka kwamba mke ndiye hakujua kipimo. Yeye, ambaye kwa miaka yote ile hakuharibu hata leso ya mtu.

Siku ya arubaini Nasra alikuja, mama mtu mzima sasa, na binti yake mkononi. Alinikuta peke yangu barazani baada ya kina mama kucheka. Akanipa pole, akakaa, akaniuliza taratibu, "Mjomba, hivi Mama Nili alikwambia utie vidonge vingapi?"

"Kimoja," nikasema.

"Nilijua," akasema. "Basi uwaambie."

Ndiyo nimewaambia. Kipimo kilikuwa chake, kuzidisha kulikuwa kwangu.

Kanzu zangu siku hizi nafua mwenyewe. Kopo lake bado liko pale pale. Nachukua kidonge kimoja, ndoo nzima, nakifunga kitambaani, nakizungusha moja, mbili, tatu, nakitoa. Nahesabu kwa sauti, asikie.